Rangi ya Vumbi Imekamilika kwa Asilimia Tisini na Nane

Mheshimiwa Meya wa Barrowmere, Kanali wetu mwenye medali nyingi kuliko nafasi kifuani, Mchungaji, mabibi wa maofisa kwa kufuata vyeo vya waume zenu, wake wa askari kwa kufuata tu mlivyofika, wanajeshi wa Kikosi cha Barrowmere mnaopanda meli kesho asubuhi kwenda vitani jangwani, na farasi wote mliohudhuria: mimi, Sir Peregrine Thripp, Mwenyekiti wa maisha wa Kamati ya Kudumu ya Rangi na Vifungo, nawasalimu. (Makofi. Farasi mmoja anapiga chafya.)

Mwaka jana wenzenu walikwenda huko na koti jekundu, vazi la heshima, vazi ambalo adui, kwa mujibu wa takwimu, alilipenda hata akawa analiona toka umbali wa maili nzima. (Sauti: "Ndivyo alivyomwona kaka yangu Jabez!") Pole, Sajini Gudgeon, kamati ilisikitika kwa kauli moja. (Sajini: "Basi tuambie, mheshimiwa, masanduku yale kumi na sita nyuma yako yana nguo za rangi ya vumbi au hayana?") Subira huvuta heri, Sajini, nalifikia.

Kamati haikulala. Kwa vikao sitini na kimoja, tukiwa na mkakati, mchakato na nyama ya kondoo, tuliazimia nguo mpya iwe ya kaki, na kaki, kwa lugha za Uhindi, ni vumbi. Lakini vumbi la wapi, ndugu zangu? Jeshi la Malkia halivai vumbi la kubahatisha! (Kanali: "Kabisa!") Likaagizwa vumbi la kila pembe ya dola, visahani arobaini na viwili, kila kisahani na cheti chake, vikapangwa juu ya meza yangu mwenyewe vikisubiri lakiri, ile nta ya muhuri wa idhini, maana mnajua jeshini hata kifungo hakishonwi kabla kielelezo chake hakijapigwa lakiri. Utekelezaji: asilimia tisini na nane! (Makofi marefu.)

Asilimia mbili zilizobaki zinamhusu Bibi Plumtree, mfagizi wa ofisi yetu, mama mwenye bidii, ambaye Jumatatu aliingia na kitambaa chenye maji. (Kicheko.) Hakubakiza hata chembe. Msicheke, visahani vinang'aa, na yeye tumempandisha cheo.

(Sajini: "Kumbe nguo hakuna!") Zipo, bwana! Masanduku yamejaa majaketi, meupe pe, ambayo, kwa kuwa huko mwendako vumbi halina uhaba, yatajipaka rangi yenyewe ndani ya miezi miwili, ilimradi mvaaji awe bado yupo.

Vumbi oyee! (Anayeitikia ni Kanali peke yake.) Kaki juu! Nawashukuru kwa kuupokea mradi huu kwa mikono miwili, ingawa, kusema kweli, hapajawahi kuwa na kitu cha kushika.

(Bibi Gudgeon, mke wa Sajini, anapanda juu ya sanduku: "Jamani akina mama, kila mwenye chai nyumbani ailete, hata makapi! Na wewe mpishi, bandika lile sufuria kubwa, tuyatie majaketi haya rangi ya vumbi kwa chai. Nimeshamlilia shemeji, mume simlilii!" Mkutano wote unahamia jikoni.)

Rudini! Rudini, nasema! Chai hiyo haijapigwa lakiri!

(Jaketi la kwanza limeshazama.)