Mwalimu Feki wa Mekanika

Jumatatu, 9 Oktoba
Matokeo ya mekanika yametoka. Nimefeli. Tena si kidogo. Daktari Baca, mkuu wa mfuko unaotusomesha uhandisi sisi ambao wazazi wetu hawakufika chuo, amenipigia simu mwenyewe. Sauti ya upole. Nikaogopa zaidi. Amesema niende chumba cha masomo ya ziada kila jioni hadi mtihani ujao. Nisipoonekana, ufadhili wangu utaangaliwa upya. Kuangaliwa upya ndiyo nini? Sijui.

Na Bibi kule kijijini ameshawatangazia watu kanisani kwamba najenga madaraja.

Jumanne, 10 Oktoba
Mpango: kuingia kimya, kofia machoni, kukaa nyuma. Nimefungua mlango, na wa kwanza kumwona ni Noemí Trujillo. Jirani yetu wa nyumbani! Akijua Noemí, mama yake anajua; akijua mama yake, Bibi anajua kabla maharage hayajaiva. Akaniuliza nimefuata nini. Nikasikia mdomo wangu ukisema nimekuja kufundisha.

Akanitazama kidogo. Kisha akasema ni bahati, maana boriti zinamshinda, akanivutia kiti.

Mungu wangu.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nimefundisha boriti. Sizijui boriti. Nilichora mishale, nikaizungushia duara, nikasema kwa hiyo, kama mnavyoona. Noemí hakuona. Mimi pia. Alipouliza kwa nini mshale mmoja unaelekea juu, nikamwambia hilo ni swali la mwaka wa tatu. Shati limelowa hadi kwenye mkanda. Mbaya zaidi, wengine nao wamesogeza viti wasikilize.

Nikifumba macho naona daraja linaanguka, na Bibi yuko katikati yake.

Ijumaa, 13 Oktoba
Daktari Baca ameingia nikiwa ubaoni. Kalamu ikanidondoka. Akaisoma mishale yangu yote, mingi safari hii ikielekea juu, bila haraka. Nilijiona tayari ndani ya basi la kurudi nyumbani, begi mapajani.

"Delfino, mwanangu," akasema, "hili daraja lako linapaa."

Wakacheka. Akaniambia nikae, nimeletwa pale kusaidiwa kama wenzangu, na mwalimu halisi yuko njiani.

Sikuthubutu kumtazama Noemí. Yeye ndiye aliyeinama kuninong'oneza: "Nilijua tangu Jumanne. Mwalimu gani anatetemeka vile? Nilinyamaza kwa sababu mimi nimewaambia nyumbani naongoza darasa. Tafadhali, bibi yako asijue."

Tukakaa meza moja. Mwalimu akaueleza ule mshale. Mzigo ukikandamiza chini, nguzo inausukuma juu. Basi. Nilitaka kulia.

Jumatano, 8 Novemba
Nimefaulu. Chupuchupu, lakini nimefaulu, na ufadhili umebaki. Noemí naye amefaulu, tena amenipita, jambo ambalo silipendi.

Leo Daktari Baca ametafuta mtu wa kuwahutubia wanafunzi wapya Jumatatu ijayo kwamba wasione aibu kuomba msaada. Nikanyoosha mkono kabla Noemí hajanyoosha wake. Sasa naogopa hata kula. Sijawahi kusimama mbele ya ukumbi. Hotuba inaanzaje? Noemí amesema yuko tayari kunisaidia, niseme tu. Nimemjibu sihitaji, hotuba nimeshaimaliza.

Sijaianza. Ila nimenunua skafu na dawa ya kikohozi. Kufika Jumatatu, sauti itakuwa imekauka kabisa.