Malalamiko Kuhusu Sambusa ya Kijapani Iliyopigwa Picha ya Pasipoti

Scholastika Optatus,
Kidato cha Tatu,
Newala.
Alhamisi.

Kwa Mjomba Bartholomayo,
Studio ya Picha, nyuma ya stendi,
Masasi.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kamera yako pia. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa mambo sita yafuatayo.

YAH: PICHA YA GIOZA

Kwanza naomba radhi kwa kukuandikia badala ya kukuambia. Jumamosi iliyopita nilisimama kando yako saa tatu nzima nikiwa nimeshika kitambaa cha bluu, na kila nilipotaka kusema jambo koo lilikauka. Kwenye karatasi halikauki. Tena katika ukoo wetu mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwa hiyo malalamiko dhidi yako sina pa kuyapeleka ila kwako. Naomba uyaamue kwa haki.

Unajua kwamba Mama alifundishwa kupika gioza na Mwalimu Naoko, yule Mjapani aliyepanga chumba chetu cha uani. Watu wa hapa huziita sambusa za Kijapani: unga mwembamba, ndani kabichi na kuku wa kusaga, pembeni mikunjo kumi, zinakaangwa upande mmoja kisha zinamaliziwa kwa mvuke. Unajua pia kwamba Bwana Ashiru wa nyumba ya wageni anachapa menyu mpya, na kwamba alimwambia Mama, "Mama Schola, niletee picha kabla ya Ijumaa. Ikinivutia, jiko langu la nyuma ni lako." Jiko hilo lina tangi la maji, Mjomba. Mama huamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo foleni. Bwana Ashiru hakuomba kuonja. Alisema yeye hula kwa macho kwanza. Nilimtazama tumbo, nikaona macho yake yanafanya kazi sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema jikoni kuna giza, ukatoa meza barazani, siku ya gulio. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye jarida la maktaba kwamba chakula hupigwa karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, ili mvuke uonekane na mikunjo itoe kivuli. Nilikunakilia ukurasa mzima kwa mkono. Uliutumia kufutia lenzi.

2. Ulikataa kuzipiga pamoja. Mama alikuwa amepanga gioza ishirini kwenye sahani, upande wa kahawia ukiwa juu, kama Mwalimu Naoko alivyomwonyesha. Ukasema, "Dada, hapa hatupigi picha ya harusi. Kila mmoja na picha yake." Ukaikalisha ya kwanza juu ya kopo la maziwa, mimi nikiwa nyuma na kitambaa cha bluu, ukaiambia, "Tazama hapa. Usicheke." Ya tatu ilipoinama ukaiambia iinue kidevu. Naelewa kwamba umepiga watu pasipoti kwa miaka ishirini, lakini gioza haina kidevu. Ina umbo la sikio. Kwa hiyo katika masharti yako yote ya pasipoti, lililotimia ni lile la sikio kuonekana.

3. Ulisema nyuso zao zimekauka. Ukatoa chupa ya kunyunyizia ya kinyozi na kuanza kuzinawisha. Mjomba, hapa kwetu mtu anaoga kwa kikombe, na akibakiza anapongezwa. Wewe ulimaliza ndoo mbili kwa kuosha sambusa uso. Maji hayo Mama aliyaweka ili apike ishirini nyingine endapo za kwanza zingeharibika. Zikaharibika, na maji hayakuwapo.

4. Zilivyoharibika ni hivi. Meza ya chakula ikiwa barazani, watu wanapita kwenda gulioni, Mama hawezi kunyamaza kama mtu asiye na kwao. Akasema karibuni. Mzee Mohamedi, fundi baiskeli, aliuliza, "Kinaliwa, au kinapigwa picha?" Mama akajibu, "Vyote, baba, karibu." Akachukua mbili. Mama Kelvin alichukua tatu, na moja ya Kelvin. Mwalimu Yunusi wa hisabati alipita mara tatu akielekea upande uleule. Nimejaribu kuchora njia yake kwenye daftari na haiwezekani. Kila gioza uliyokwisha kuipiga ilishuka koponi na kwenda mdomoni. Nne zilienda mdomoni mwako. Ulisema unapima mwanga.

5. Ilipofika saa saba ulikubali kwamba menyu inataka sahani iliyojaa. Sahani ilikuwa na gioza moja. Ukaipiga hiyo, ukampa Mama picha yake, nakala nne, zimekatwa vizuri pembeni. Nimeitazama kila siku tangu Jumamosi. Ipo peke yake mbele ya bluu, imelowa, haicheki. Inafanana na mtu aliyenyimwa ruhusa ya kusafiri. Nani ataiagiza kwa chai?

6. Hili ndilo linaloniuma. Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, yenye picha kubwa ukutani uliyoipiga mwenyewe siku ya uzinduzi: bomba limefunguliwa, maji yanamwagika, kila tone linameta, na mgeni rasmi anacheka meno yote. Yeye hukumwambia asicheke! Bomba lile lilitoa maji mpaka ulipofunga kamera. Leo picha ile ina maji mengi kuliko mtaa wetu wote. Maana yake ustadi unao, Mjomba. Kitu kisichokuwapo ulikipendezesha hadi watu wakapiga makofi. Chakula cha Mama, ambacho kipo, cha moto, kinanukia kitunguu saumu, umekipiga kama mtuhumiwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, urudi upige upya, kwa ndoo yako ya maji kutoka Masasi. Pili, Bwana Ashiru na wote wanaochagua chakula kwa picha walishwe picha kwa juma moja: asubuhi picha ya chai, mchana picha ya ugali, na anayesikia njaa aongezewe nakala. Tatu, ile picha ya bomba tuazimwe sisi wa mtaani. Tutaitundika juu ya pipa na kusubiri. Ikifika Krismasi pipa halijajaa, tutairudisha ofisini ikiwa kavu kama tulivyoipokea.

Nisalimie Mama Silvesta, Silvesta mwenyewe, Bibi wa Lisekese, na yule kuku wake aliyekuwa anaatamia. Wasalimie pia wateja wote waliokaa mbele yako bila kucheka.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, mwenye kinyongo cha adabu,
Scholastika.

Nyongeza, Ijumaa jioni: Barua ilikuwa bado haijapata mtu wa kuileta Masasi. Bwana Ashiru alikuja leo, akaitazama picha, akasema ataitupa na kuweka nyingine ya mtandaoni yenye mvuke, Mama apike tu. Mama akamjibu, "Hiyo kaipiga kaka yangu. Ikitoka, na mimi natoka." Nililiona tangi likiondoka na ndoo zikirudi. Papo hapo akafika Mzee Mohamedi, nyuma yake Mama Kelvin, nyuma yao Mwalimu Yunusi, wote wakiuliza zile za Jumamosi zinaanza kuuzwa lini. Bwana Ashiru ikabidi aonje. Alikula sita, akiwa amefumba macho.

Picha yako inaingia kwenye menyu. Nafuta malalamiko ya 1 hadi 5. La 6 libaki. Ila wageni wake aliowaonyesha leo wameshaanza kuuliza lile ni sikio la nani, na mimi naona haya kuwajibu; naomba uiandikie jina chini.

Mama anahamia jikoni Jumatatu. Anataka umpige amesimama kando ya tangi, bomba likiwa wazi, nami nikiwa pembeni yake. Kitambaa cha bluu kiache Masasi, na usituambie tusicheke.