Ombi la Kuondolewa kwa Watu Wasiokuwepo Karibu na Sahani Yangu

Bunia, Kartie Bigo
Aprili 2003

Kwa Mheshimiwa Shefu wa Kartie, mkuu wa mtaa wetu,
au yeyote atakayekuwa amekalia kiti chake barua hii itakapofika.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, pamoja na kiti chenyewe. Naitwa Anselme, karani wa posta, ile posta ambayo haijapokea barua tangu vita vianze. Kwa kuwa kazi haipo na mshahara umeifuata, nimejipa shughuli ya ufundi nyumbani kwangu: najenga sahani ya kudaka televisheni za ng'ambo. Siyo ya kununua. Nimekusanya mikebe ya mafuta ya msaada, nikaipasua, nikainyoosha, nikaifunga juu ya fremu ya chuma, mpaka ikawa pana kuliko sebule yangu. Nia yangu ni ya kizalendo. Mtu wa Bunia akitaka kujua leo anatawaliwa na nani, lazima asikilize redio ya Ulaya. Mimi nilitaka watu wa Bigo wawaone na sura.

Mke wangu Gertrude alipokimbilia Beni na watoto, alinisihi twende wote. Nilibaki, kwa sababu sahani haibebeki kichwani.

Sasa naleta malalamiko yangu.

1. Uani kwangu wamo watu kutoka Djugu. Walikuja siku ya mvua wakaomba kujibanza ukutani mpaka ikatike. Mvua imekatika mara nyingi tangu siku ile, na wao wapo bado. Mkubwa wao ni Mama Pétronille, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, naye yuko na binti yake Gracia ambaye ni mjamzito. Mama huyu ameanika mihogo ndani ya sahani yangu. Nilimweleza kwa upole kwamba chombo hiki kimepigiwa hesabu kwa ajili ya mawimbi. Alinijibu: "Papa Anselme, mawimbi yako haiyafika, lakini muhogo iko mukavu tayari. Kuya kula." Nilikula, Mheshimiwa, lakini kwa kupinga.

2. Kila asubuhi namuuliza ataondoka lini. Namuuliza kistaarabu, nikiwa nimevaa shati. Yeye husema: "Siye tutaenda wapi, papa? Kule kwetu nyumba iko majivu." Hilo si jibu la swali langu. Juzi akazidisha, akanikumbusha kwamba ile mikebe ilikuwa ya mafuta waliyogawiwa wao. Ni kweli. Lakini mafuta waliyala wao, na ufundi ni wangu.

3. Kuna wanajeshi. Wale wa kwanza walisema sahani yangu ni mtambo wa kuwapelelezea wale wa pili, wakachukua betri. Wale wa pili walipouteka mji, walisema ni mtambo ulioachwa na wale wa kwanza, wakachukua televisheni. Hawa wa sasa, ambao jina lao sijalishika vizuri kwa kuwa limebadilika wiki hii, wanaamini ni silaha ya kuangusha ndege. Hawaisogelei. Wakipita wanazungukia nyuma ya choo. Naomba uwatangazie kwamba ni sahani tu, maana fundi huumia kazi yake ikiogopwa badala ya kusifiwa.

4. Tangazo lako la Jumapili lilisomwa kanisani, nami nililisikiliza kwa makini. Ulisema Bunia ina amani, kwamba ndani ya Bigo hakuna tena mkimbizi hata mmoja, na kwamba watakaokutwa kwenye nyua za watu wataondolewa kabla wageni kutoka ng'ambo hawajapita. Hapo nimekwama. Kama hawapo, nani anapika sombe ya majani ya muhogo nyuma ya nyumba yangu? Nani anakohoa? Na kama wapo, basi amani haipo, na Mheshimiwa hawezi kusema uongo kanisani. Kwa hiyo naomba barua yenye muhuri wako, ya kuwathibitishia kwamba hawapo. Ningeibandika kwenye mlango wa Mama Pétronille, ila hana mlango, basi nitaiegemeza kwenye sufuria yake. Akiisha kuisoma, kama ni mtu wa haki, ataondoka mwenyewe.

5. Mwisho ni vita vyenyewe. Sipingi vita, hayo ni mambo ya wakubwa. Naomba tu makomanda wabandike saa za kupiga risasi ukutani pa ofisi yako, kama padri anavyobandika saa za misa. Nikielekeza sahani mbinguni asubuhi, mchana bomu linaielekeza Uganda. Kama ratiba ni ngumu kwao, basi waniandikie ni nani atakayeshinda, nami nitaacha ujenzi, kwa kuwa ndiyo habari pekee niliyokuwa naitafuta.

Wasalimie mama wa nyumbani, wazee wa kartie, komanda wa leo na yule wa kesho.

Mimi mtiifu kwa serikali yoyote itakayokuwepo,

Anselme

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu wanajeshi walipokuja kung'oa mabati ya nyumba yangu. Walichukua yote, na milango pia. Sahani hawakuigusa, kwa ile hofu yao. Kwa hiyo lile tangazo la namba tatu, tafadhali usilitoe. Waambie ni silaha kweli, tena mbaya sana kwa yeyote anayekuja kuondoa watu.

Mvua ilianza siku ileile. Tuliigeuza sahani kifudifudi juu ya nguzo za miti, watu wote wa uani wakishika ukingo, na mgongo wake unatelezesha maji vizuri kuliko tumbo lake lilivyowahi kudaka mawimbi. Gracia amejifungua chini yake, mtoto wa kike, mzima. Ile barua yenye muhuri usiiandike. Ukishindwa kujizuia, ongeza na jina langu, maana mimi pia sipo.

Mama Pétronille amenipa upande usiovuja. Niliona haya sana, Mheshimiwa, na nilifurahi sana. Kila asubuhi mimi huvaa shati na kungoja. Mpaka leo hajaniuliza nitaondoka lini.