Ombi la Kumfelisha Mwalimu Ajwang

Darasa la Sita B,
Mabatini, Mwanza.
Jumanne.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu,
Kupitia kwa Mwalimu Mkuu.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo. Mimi ni Selina Mayala, kiranja wa darasa. Mwalimu Mkuu ameniagiza nikuandikie makosa ya mwanachuo wako, Mwalimu Ajwang, aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, kabla mkufunzi hajaja Alhamisi ya wiki ijayo kumkagua. Amenichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Aliniambia, "Andika ukweli mtupu, binti." Nimetii.

1. Alitufutia mbuga. Tangu darasa la nne tunanakili ubaoni insha moja, "Safari Yangu ya Mbugani". Wote sabini na mmoja tumepanda basi lile lile, tumemwona simba yule yule na kulala kwa shangazi mmoja. Hakuna aliyewahi kuvuka mji wa Magu, njiani kwenda mbugani, lakini tulikuwa tunapata kumi na tisa kwa ishirini. Mwalimu Ajwang akaufuta ubao, akasema tuandike tulichokiona asubuhi ile. Taher akauliza, "Madamu, na kama sikuona kitu?" Akajibiwa, "Andika ulivyokosa kuona." Taher ameandika kurasa tatu kuhusu baba yake akigombana na kufuli la duka. Sasa hazuiliki.

2. Kalamu yake nyekundu haiweki vema wala kosa, inauliza maswali. Niliandika kwamba mama yangu ni mwema kama malaika. Pembeni akaandika: "Mikono yake ikoje?" Ilibidi nirudi nyumbani nikaiangalie. Mama anapara samaki sokoni. Vidole vyake vina mikato midogo midogo, na wageni wakija huificha mikono ndani ya kitenge. Nimeishi miaka kumi na miwili bila usumbufu wa kujua hilo. Sasa naiangalia kila asubuhi, na ninachelewa kuhesabu namba mstarini shuleni.

3. Anakiri makosa. Kila baada ya kipindi huandika kwenye daftari lake jinsi alivyofundisha. Siku moja nilipompelekea madaftari yetu, lilikuwa wazi mezani, nikasoma (naomba radhi): "Leo nimeongea nusu saa, watoto wameandika dakika kumi. Kosa ni langu." Ndugu Mkuu, katika shule yetu kosa ni mali ya mwanafunzi. Kesho yake aliongea kidogo, na Odoyo, ambaye alikuwa hajasoma kwa sauti tangu darasa la pili kwa kuogopa kuchekwa, akasimama akasoma. Tulipiga makofi hadi darasa la tano wakaja kuchungulia madirishani. Nidhamu ilishuka.

4. Hili ndilo lililomuumiza Mwalimu Mkuu. Yeye mwenyewe aliagiza tuandike insha za "Shule Yetu" zibandikwe ukutani kwa ajili ya wageni. Zamani tungeandika kwamba shule yetu ina mazingira ya kuvutia. Safari hii tuliandika tulichokiona. Mlango wa choo cha wasichana hauna komeo, kwa hiyo lazima uende na rafiki wa kuushika, na siku mkigombana unajibana hadi saa nane. Wasichana thelathini na tisa tumeandika mlango huo huo, wala hatukunakiliana. Mwalimu Mkuu alisema, "Huyu ananiharibia watoto," na kwamba hawezi kufaulu.

Nami namuunga mkono. Nimesikia mwanachuo akifeli mazoezi huyarudia. Kwa hiyo naomba kwa heshima mumfelishe, ayarudie hapa hapa kwetu, na akiyarudia mumfelishe tena, mpaka tumalize darasa la saba.

Wasalimie wakufunzi wote na wapishi wa chuo. Mama pia anakusalimu. Nilimsomea namba 2 mbele ya jirani, na mikono hakuificha.

Wako mtiifu,
Selina Mayala.

Nyongeza, Jumatano: Odoyo amesoma barua hii akaniambia, "We Selina, akifeli si watampeleka shule nyingine!" Kama ndivyo, tafadhali mpeni A, na makosa yote manne uyasome kuwa ndiyo sababu. Mwalimu Mkuu naye ameisoma mara mbili, akanirudishia niipeleke posta. Saa nne nilimkuta kwenye choo cha wasichana. Fundi alikuwa anapigilia komeo, na aliyeushika mlango alikuwa yeye.