Maneno Kumi na Mawili ya Kumfungia Altaf Nje

Jumatatu, 16 Juni 2025
Kuanzia Kihonda hadi Uluguru juu hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha kidato cha pili, walimu walikuwa wananichelewesha.

Leo nimemkomesha Hafidhi, kaka yake Raya wangu, anayeshika simu ya dada yake na kufuta kila ninachomwandikia. Nimeweka programu ya blokcheni kwenye simu ya Raya na yangu. Ujumbe unakaa umefungwa kwenye kompyuta za watu dunia nzima, hauna bosi wa kuufuta. Ufunguo wangu ni maneno kumi na mawili. Ukiyasahau, imekula kwako. Raya kauliza mbona siyaandiki. Nikamwambia fundi simu haandiki, anahifadhi. Nimeyakariri kwa sauti kibandani mpaka wateja wakanyamaza kwa heshima. Mmoja wao Altaf, wa duka la vifaa vya ujenzi.

Jumanne, 17 Juni
Altaf kapita anacheka na simu yake. Muda huohuo Raya, sokoni kwenye nyanya zake, naye anacheka na simu. Watu wawili, kicheko kimoja. Altaf ana pikipiki mpya, ana meno meupe, sasa anayo na maneno yangu. Ujumbe wa Raya umeingia. Nimenuna, sijaufungua.

Jumatano, 18 Juni
Nimefuta programu, nimeanza upya na maneno mapya. Altaf asome ukuta. Raya nimempa anwani mpya. Tatizo dogo: maneno mapya yamekalia ya zamani kichwani. Ule ujumbe wa jana upo, hakuna wa kuufuta. Wala wa kuufungua.

Alhamisi, 19 Juni
Raya kaniuliza kama nimesoma. Anapanga nyanya, hanitazami. Nikasema nimesoma. Kauliza, basi unasemaje? Nikasema kwangu hakuna shida. Kaniongezea nyanya mbili. Shangazi yake, Mwanvita, wa meza ya pili, kasema haya, tumekusikia. Nimeondoka kifua mbele. Nimekubali nini, sijui.

Jumamosi, 21 Juni
Raya hayupo sokoni. Altaf kawasha pikipiki, kaelekea Mikese. Nani asiyejua kujumlisha? Nimekodi bodaboda, nimemfuata. Kumbe lori lake la mabati limeharibika. Kaniomba nimsaidie kushusha. Nimeshusha mpaka jioni huku namchungulia simu. Anacheka na video za mbuzi. Mimi sidanganywi na mbuzi. Nimefuta programu tena palepale, nikaweka maneno ya tatu; ya pili yameshanitoka.

Jumapili, 22 Juni
Mwanvita kaja kibandani. Shikamoo yangu hakuipokea. Kasema ujumbe wa kwanza uliniita kwao Mlali jana, baba yake Raya alitaka kuniona. Hafidhi mwenyewe ndiye aliyechinja jogoo. Wali ukapoa. Raya akaosha vyombo.

Nikaanza habari za Altaf. Kanikatisha: Altaf anaoa Dodoma mwezi ujao, wewe unaonea wivu mabati.

Halafu kasema Raya kaniandikia jana usiku, mara ya mwisho, kwenye ile anwani ya pili. Ile niliyoifuta Mikese. Anangoja jibu kabla ya magharibi.

“Umesoma, Rehani?”

Blokcheni haijakosea. Hafidhi hajakosea, hata Altaf, ingawa inaniuma kuandika. Ni mimi, niliyemtazama shangazi wa watu machoni nikasema nimesoma, tena nimefurahi sana.

Sijasoma.