Vitanda Chini ya Nyasi

Jumatatu, 26 Februari. Darkhan.

Msafara unaondoka keshokutwa. Malori ya nyasi kavu za msaada, kwenda kusini Dundgovi, ambako zud imewakaba wafugaji: theluji juu, barafu chini yake, na mifugo inakwangua mpaka kwato zinatoka damu bila kufikia jani. Nimejitolea. Nilimwambia mke wangu Undarmaa kwamba nimejitolea kwa moyo. Akauliza moyo upi.

Tatizo ni Jamsran. Kaka yake Undarmaa, shemeji yangu, kiongozi wa msafara, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa kila kitu. Mji mzima unapeleka marobota kwake. Leo asubuhi mama mkwe alipita na mkokoteni wake wa nyasi mbele ya mlango wangu, akanisalimia vizuri kabisa, akaendelea mpaka kwa Jamsran.

Mimi nina marobota yasiyofika nusu ya bodi. Na siku ya kuagwa mkuu wa mkoa atafunga skafu ya buluu ya heshima kwenye lori lenye mzigo mrefu kuliko yote. Nimelitazama lori langu. Linaonekana kama mtu aliyesahau kuvaa suruali.

Jumanne, 27 Februari.

Nimepata. Nyuma ya nyumba yetu kuna bweni lililofungwa zamani, na nje yake limerundikwa lundo la vitanda vya chuma. Havina mwenyewe. Nimevipanga katikati ya bodi, kimoja juu ya kingine, nikazungushia marobota pembeni na juu. Kufika mchana mzigo wangu ulikuwa unagusa nyaya za umeme.

Undarmaa alitoka, akatazama, akauliza kama siku hizi kondoo wanalalia vitanda. Nilimweleza kwa utulivu. Njiani watu huwa wanachangia. Kila tutakaposimama nitatoa vitanda na kuingiza nyasi, na tukifika lori litakuwa limejaa kweli. Huu si uongo. Ni kuazima urefu tu.

Akaingia ndani, akafunga mlango. 

Jumatano, 28 Februari. Mandalgovi.

Skafu ni yangu. Mkuu wa mkoa aliifunga kwa mikono yake. Mama mkwe akanishika bega, akasema, "Gonchig, mwanangu, leo umetutoa kimasomaso." Tangu nimwoe binti yake hajawahi kuniita mwanangu. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kushusha vitanda papo hapo.

Njia nzima vitanda vimelia. Kila shimo, kengele. Tulipoegesha kula, Jamsran akauliza ni kitu gani kinagonga. Nikasema springi za kiti. Akasema springi hizo ni nyingi kwa kiti kimoja.

Hakuna aliyechangia. Mzee mmoja alileta gunia la pumba, akalipeleka lori la Jamsran. Hapa Mandalgovi nilimtafuta mfanyabiashara wa nyasi, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ana marobota. Alinitazama, akatazama msafara, akasema mkoa mzima hauna hata ubua, na kwani sisi tumekuja kufanya nini.

Sikumaliza buuz zangu, maandazi ya nyama ya kupika kwa mvuke. Si kawaida yangu.

Alhamisi, 29 Februari. Bonde la Khongor.

Kuanzia asubuhi tumepita mizoga. Mbuzi, farasi, kondoo, wamerundikwa kando ya barabara kama kuni. Kwenye redio Jamsran, aliye lori la mbele yangu, aliacha kupiga soga. Na mimi niliacha kufikiria skafu, kwa muda.

Wilayani tulipokewa na Tsogzolmaa, mkuu wa wilaya, mama asiyependa maneno mengi. Kila lori bonde lake. Akasema bonde lililoumia kupita yote ni Khongor, kwa hiyo Khongor litapewa lori lenye mzigo mkubwa kupita yote. Watu wakapiga makofi. Wote wakanigeukia.

Nikasema sistahili. Nikasema mgongo unaniuma, labda Jamsran abadilishane nami lori. Jamsran akanipiga begani, akasema hajawahi kuniona mnyenyekevu namna hii na anajivunia.

Njiani alipanda nami mama mmoja wa bondeni, Mama Sevjid, mjane, aniongoze njia. Alikuwa na chupa ya chai ya chumvi, na kila nikimaliza bakuli alinijazia. Alisema kondoo wake wameanza kulana manyoya. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga. Kisha akasema:

"Majirani walitaka kuwachinja waliobaki, angalau wapate nyama. Nimewaambia wasubiri. Nimewaambia nyasi zinakuja."

Nilikuwa natoka jasho, na nje mate yanaganda kabla hayajafika chini.

Tulipofika, mwanawe Chimed alipanda juu ya lori kabla sijazima injini. Akashusha robota la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akasimama. Akainama. Akavuta. Kikatoka kitanda.

 Majirani walikuwa wamekuja na kamba zao. Kondoo walikuwa wamesimama kimya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hiki ni nini, kaka?" Chimed akauliza.

Mdomo wangu ukasema, bila mimi, kwamba tumeibiwa. Wezi. Mandalgovi, nilipokuwa nakula. Wamechomoa nyasi za katikati na kuingiza vitanda ili mzigo usibonyee tukagundua.

Mama Sevjid akauliza wezi waliwezaje kupakia vitanda vyote hivyo wakati mimi nakula sahani moja ya buuz. Nikasema huwa nakula polepole.

Chimed akauliza lori lao lilikuwaje. Kichwani mwangu kulikuwa na lori moja tu, lile nililolifuata mgongoni njia nzima. Nikasema kichwa cha buluu, ufa kwenye kioo cha mbele.

Marobota yaliyokuwepo yamegawanywa. Kila familia imeondoka na nyasi za kukumbatia kifuani.

Ijumaa, 1 Machi.

Asubuhi Mama Sevjid alinipandisha mlimani, ndipo simu inaposhika. Nikampigia Jamsran, mama akiwa amesimama pembeni yangu. Nikarudia habari za wezi. Jamsran akasema kesho atakuja, atapita kwa madereva wengine kila mmoja akate kidogo kwenye mzigo wake. Hakuuliza swali hata moja. Afadhali angeuliza.

Tuliporudi, Chimed hayupo. Amechukua farasi, yeye na jirani, wamekwenda kusaka lori la buluu. Mke wa jirani alisema wameapa hawarudi bila mwizi.

Mchana upepo umeanza. Hema linavuta pumzi na kuachia. Theluji inapita mlangoni kwa ubavu. Mama Sevjid amebeba kondoo wawili dhaifu ndani, kawalaza karibu na jiko, na mmoja ameweka kichwa juu ya kiatu changu. Kila mara mama anatoka, anatazama njiani, anarudi.

Aliniuliza, "Mwanangu, wezi wenyewe ni wakali? Wana bunduki?"

Nikasema sidhani.

"Huyu ndiye niliyebaki naye," akasema. "Baba yake alikwenda kutafuta farasi kwenye upepo kama huu."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo. Nikaomba chai.

Ameniuliza pia naandika nini muda wote huu. Nimesema ni ripoti ya wizi. Akasema niandike vizuri, isije ikapotea haki ya mtu.

Jioni. Hawajarudi. Nitasema wakirudi. Wasiporudi sijui nitasema nini.

Jumamosi, 2 Machi.

Wamerudi. Upepo ulitulia alfajiri, na jua lilipotoka tukasikia injini. Mama Sevjid alikimbia bila kofia.

Lori la buluu. Ufa kwenye kioo. Chimed ndiye anaendesha, jirani anafuata nyuma na farasi. Na kwenye kiti cha pembeni, mikono imefungwa kwa kamba ya manyoya ya ngamia, ndevu zimejaa barafu: Jamsran.

"Tumemkamata," Chimed akasema. Mashavu yake yalikuwa yameungua kwa baridi. "Alikuwa anakuja huku huku bila haya, na nyasi zetu nyuma. Anadai ni wa msafara."

Wakamkalisha karibu na jiko. Akanitazama.

"Shemeji, hebu waambie mimi ni nani."

Nikasema nahitaji kumtazama vizuri.

"Mtazame basi," Mama Sevjid akasema.

Nikamtazama kwa muda wa bakuli zima la chai. Naandika ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliwaza kwamba akiwa yeye mwizi, basi mimi sina kosa. Niliwaza hata jinsi nitakavyompa mama mkwe pole. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "hata mimi sikuamini" niliposikia kelele nje.

Kondoo. Wote waliobaki bondeni, nadhani. Wamenusa nyasi. Walikuwa wamelizunguka lori, wanasukumana, waliokuwa hawawezi kusimama jana wamesimama. Jirani alikuwa anawafukuza kwa fimbo. Nikauliza kwa nini hawashushi. Chimed akasema ni ushahidi. Hakuna kugusa mpaka polisi waje kutoka wilayani, kesho au keshokutwa, kutegemea njia. Hawataki kuonekana wezi na wao.

Nikatoka nje. Jike mmoja alikuwa ameegemea tairi, shingo ameinyoosha juu, ulimi nje. Hafikii. Akateleza taratibu mpaka chini, bila kuacha kutazama juu.

Nikarudi ndani. Nikasema hakuna wezi. Vitanda ni vyangu. Huyu ni shemeji yangu, na nyasi ni zenu, shusheni.

Mama Sevjid alimfungua Jamsran kamba, akampa bakuli la chai kwa mikono miwili, akatoka nje kushusha nyasi. Hakunitazama. Chimed alinijia mpaka tukakaribia kugusana pua. Nikafumba macho. Nikahisi kitu kizito mikononi. Uma wa nyasi.

"Panda juu," akasema. "Wewe utakuwa wa mwisho kula leo."

Nimeshusha peke yangu. Yule jike wa kwenye tairi nilimpelekea mwenyewe, nikamshikia kichwa. Alitafuna. Nilikaa naye mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumapili, 3 Machi.

Jamsran anaondoka, mimi nabaki. Ameamua yeye. Mpaka vitanda vyote viwe ukuta wa zizi, vifungwe kwa waya, viwambwe ngozi na mabaki ya manyoya, upepo usiwafikie kondoo wenye mimba.

Nimemwuliza atamwambia nini mama mkwe. Akasema atamwambia lori langu limeharibika na nimebaki kusaidia watu. Nikasubiri aendelee.  Akaongeza tu:

"Skafu yako imelowa, shemeji. Ianike."

Hajanitukana hata kidogo. Huyu mtu ananichukia sana.

Ijumaa, 8 Machi.

Zizi limesimama. Nimeungua vidole kwa waya wa baridi. Chimed ameanza kuniita "fundi vitanda," na jana alinicheka waziwazi, nadhani ni dalili nzuri. Mama Sevjid bado hanijazii bakuli mpaka niombe. Lakini leo, nilipokuwa naondoka, alimimina maziwa hewani nyuma ya lori langu, kama wanavyomfanyia msafiri wao. Sikujua nitazame wapi.

Yule jike yu hai.

Jumatano, 20 Machi. Darkhan.

Dereva aliyetoka kusini ameniletea mfuko wa maziwa makavu kutoka kwa Mama Sevjid, na salamu. Zizi limevunja upepo. Wanakondoo waliozaliwa nyuma ya vitanda wamepona. Watu wa mabonde ya jirani wanauliza kama kuna vitanda vingine.

Nimemsimulia Undarmaa mara mbili. Mara ya pili ameniomba nimpishe apige deki.

Sasa nimekaa na kufikiri, bila jazba. Ningejaza lori nyasi tupu, Jamsran asingekuja na nyasi za ziada. Pasingekuwa na zizi. Wanakondoo wangezaliwa kwenye upepo, wakafa. Basi ni nani hasa aliyeliokoa bonde la Khongor? Sisemi. Lakini watu wa kamati ya msafara wangejiuliza wenyewe, bila mimi kuwasukuma, wangefika mahali. Kesho nitakwenda kuwasaidia kujiuliza.

Maana mwezi ujao kuna msafara wa unga, na wameshasema Jamsran ataongoza. Mama mkwe amemshonea glavu mpya.

Nimepeleleza. Binamu wa jirani yetu ana ngamia, dume, mweupe, anakodisha kwa harusi. Nikiingia uwanja wa kuagwa juu ya ngamia mweupe, nimebeba gunia la kwanza, hakuna atakayetazama malori.

Undarmaa ameuliza kama nimewahi kupanda ngamia maishani mwangu. Nimemwambia shida ya nyumba hii ni maswali. Jumamosi nakwenda kumwona huyo ngamia. Mwenye mnyama anasema anauma watu wenye wasiwasi tu.