Malalamiko Kuhusu Televisheni Inayoonyesha Geti Letu Tu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Familia ya Kumchagulia Mama Televisheni,
Huko huko uliko.

Kaka Mwenyekiti,

KUHUSU: KIOO CHA INCHI SABINI NA TANO KILICHOTUNDIKWA MBELE YA MAMA YETU

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na umeketi kivulini, maana karibu yote ninayoandika yanahusu jua, na jua la nyumba hii wewe hujalipata tangu tulipomzika Baba, mwaka wa nne sasa. Nimeamua kutumia kalamu na karatasi kwa sababu kwenye kundi letu la simu kila nikisema jambo mnanijibu kwa picha ya kidole gumba. Sijapata kujua kidole hicho kinamaanisha mmenisikia au mmenifukuza.

Kwa faida ya kumbukumbu za Kamati, ambazo Dada Katibu huziandika kwa mwandiko mzuri sana bila kutia ndani neno langu hata moja, naomba nianze na chumba chenyewe. Chumba cha mbele kina madirisha matatu mapana. Baba aliyatoboa kwa mkono wake enzi za ufundi saa, ili aone springi nyembamba kuliko unywele. Humo ndimo ninamoshonea sare za shule, na humo ndimo Mama anamoshinda kutwa. Zamani kiti chake kilitazama dirisha la katikati, lile linalokabili geti, na hakupita mtu ambaye Mama hakumtangaza: nani kanenepa, nani kanuniwa na mkewe, nani anajifanya hatuoni. Tangu alipopasuliwa macho, daktari amemkataza kukabili mwanga. Tukakigeuza kiti, mgongo dirishani, uso ukutani, na shingo yake ya miaka themanini na mmoja haigeuki. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nimebaki kutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa." Nami kwa ujinga wangu nikalirudia neno hilo kwenye kundi. Kufika kesho yake Kamati ilikuwa imeshaundwa na ina mwenyekiti.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Muundo wa Kamati. Wajumbe wenye kura ni watatu: wewe, ambaye uko mbali, Dada Katibu, ambaye yuko mbali kidogo, na mumewe, Shemeji Injinia, ambaye anauza betri za magari na alipewa jina hilo siku alipotengeneza pasi ya jirani, pasi ambayo baadaye iliunguza shati la jirani huyo huyo. Mimi ninayekaa ndani ya chumba kinachohusika niliambiwa sina kura, kwa kuwa nina maslahi binafsi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika familia yetu aliyepo ndiye lake halipo. Nimejitahidi kuielewa busara hii na bado najitahidi.

2. Namna ya kuchagua. Kabla hamjanunua chochote nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji, kijana mwenye subira kuliko wote niliowahi kukutana nao kaunta, alinieleza kwamba kwenye chumba cha mwanga mwingi ukubwa wa televisheni si hoja. Cha kutazama kwanza ni nguvu ya mwanga wa skrini yenyewe, na cha pili ni kioo: kuna kinachong'aa na kuna kisichong'aa. Nilimwelewa upesi kwa sababu ni mambo ya kitambaa. Satini nyeusi na pamba nyeusi ukiziweka kabatini zote ni nyeusi. Zitoe juani: pamba inanyamaza, satini inakurudishia uso wako. Niliwaandikia Kamati maneno hayo hayo, na nikapiga picha vipande viwili vya kitambaa juu ya meza yangu kama ushahidi. Nilipata vidole gumba vitatu.

Kisha Kamati ikafanya majaribio yake. Shemeji Injinia aliingia kwenye duka lililo chini ya ardhi, duka lisilo na dirisha hata la panya kuchungulia, akasimama mbele ya satini ya inchi sabini na tano, akakupigia simu ya video. Wewe ukaitazama televisheni hiyo kupitia kioo cha simu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, tena simu yenyewe ukiwa umeifunika kwa kiganja, maana nasikia ofisini kwako kuna mwanga. Ukasema, "Hiyo hiyo, picha kali!" Kura zikawa tatu kwa sifuri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Kaka, lakini ninyi mlikinunua kitanda, mkawachagua na kunguni.

3. Mzigo ulipofika haukupita mlangoni. Wapakuzi wawili waliusukuma, wakaulaza, wakausimamisha, wakanitazama kana kwamba nyumba nimeijenga mimi. Mwishowe uliingilia dirishani, lile la katikati. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu tutalirudia.

4. Kinachoonekana. Televisheni imetundikwa ukutani mbele ya Mama, kwa hiyo imekabiliana ana kwa ana na madirisha yote matatu. Tangu saa tatu asubuhi mpaka karibu saa kumi na moja jioni ina stesheni moja tu, nayo ni ua wetu. Siku ya kwanza nilimwekea Mama taarifa ya habari. Mtangazaji alisoma mambo mazito ya dunia huku shuka la Mama likipepea kifuani pake, na kuku wa jirani akapita kwenye paji lake la uso bila haraka. Nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Kuku akabaki pale pale, mtangazaji ndiye aliyepotea. Mpira nao tumeujaribu: wachezaji ishirini na wawili wakaingia kwenye geti letu na hakutoka hata mmoja.

Mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, amesema wanawe wamemnunulia ukuta mweusi na ni ukuta mzuri. Sasa ni siku ya nne, na kila asubuhi nikiwasha ananiambia, "Zima, mwanangu, inanichosha." Basi nazima, naye anaketi kimya akiikodolea macho ikiwa imezimwa. Yule aliyewajua wapita njia wote kwa majina na kwa mikoba amebaki kutazama kitu cheusi, tena cheusi cha gharama. Kaka, iliniuma. Kejeli zangu unazijua tangu utotoni na najua unazisoma ukicheka, lakini hapa sikuwa nacheka.

5. Suluhisho la Kamati. Nilipolalamika mlikutana tena, na kumbukumbu ninazo. Dada Katibu alipendekeza mablanketi yatundikwe madirishani. Shemeji Injinia akaona mablanketi ni kazi ya kienyeji, akapendekeza madirisha yazibwe kwa matofali, yaachwe matundu matatu ya kupitishia hewa "kwa usalama". Wewe Mwenyekiti ulipendekeza Mama azoee. Azoee nini hukufafanua, kwa kuwa uliitwa kwenye kikao kingine.

Nashona sare nyeusi kwa uzi mweusi. Mkiziba madirisha, watoto wa shule nzima watakwenda masomoni na mikono ya mashati imeshonwa shingoni. Lakini hilo ni shauri langu binafsi, na tayari nimeambiwa nina maslahi. Ninachouliza ni kimoja: siku televisheni hii itakapoharibika, itatolewa kwa njia ipi? Au nayo itakuwa imezoea?

6. Hata hivyo sipendi kuitwa mpinzani wa maendeleo, kwa hiyo nimeichukua hoja ya Kamati na kuifuatisha kwa moyo mweupe mpaka inakoishia. Tukishaziba madirisha utabaki mlango, nao unaingiza mwanga kila anapoingia mtu, kwa hiyo watu wasiingie. Ukuta wa ndani ni mweupe, upakwe masizi. Sakafu inang'aa kwa sababu huipiga deki kila siku, nitaacha. Jirani wa mbele ameezeka bati jipya linalotumulika mpaka chini ya kitanda, basi Dada Katibu amwandikie kwa mwandiko wake mzuri kumwomba alitie kutu. Mwisho kabisa kuna mvi za Mama, ambazo nimepima mwenyewe nikaona zinaakisi kweli kweli kwenye kona ya chini ya kioo. Kwa hoja yenu, kitu cha mwisho cha kuondolewa chumbani ili televisheni ionekane vizuri ni Mama.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikanywa maji.

7. Ombi. Naomba Kamati iitishe mtu aje kuichukua televisheni hii, iletwe nyingine yenye kioo cha pamba, hata ikiwa ndogo nusu yake. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho ya Mama kama yalivyo yangefurahi.

Kama hilo haliwezekani, ninalo ombi mbadala, na nalileta rasmi: Mwenyekiti ateuliwe kuwa pazia.

Usicheke, nimelipigia hesabu. Dirisha la katikati ndilo chanzo kikuu cha tatizo, na upana wake ni inchi arobaini na tano. Nilipokushonea suti ya harusi mabega yako yalikuwa inchi ishirini na mbili. Kwa picha unazotutumia umeongezeka, na mimi kwa jicho la kazi nakukadiria ishirini na nne. Pengo linalobaki nitaliziba kwa khaki, ninayo. Utasimama dirishani kuanzia saa tatu asubuhi, uso nje, mgongo kwa Mama, nao huo Mama ameuzoea tayari. Mapumziko yatakuwa wakati wa mawingu. Chakula utaletewa hapo hapo, na ukichoka Shemeji Injinia atakupokea, kwa sababu betri zinaweza kujiuza siku moja moja. Si kazi ngumu. Hutatakiwa kusema lolote, kupiga kura wala kuinua kidole. Unatakiwa kuwepo tu, na nakiri kwamba kwa upande wako hicho ndicho kipengele kigeni.

Nimekupa siku kumi na nne za kujibu. Zikipita kimya, nitaichukulia televisheni kuwa ubao wa kukatia nguo. Imelingana vizuri na ina kona nne zilizonyooka, sifa ambayo meza yangu haina.

Nisalimie wifi na watoto. Waambie yule shangazi wao mkali bado ni mkali. Msalimie pia bosi wako aliyekuita kwenye kikao kile, na wote wanaokupata mchana.

Wako katika maslahi binafsi,

Mdogo wako, Fundi Cherehani,
Mjumbe Asiye na Kura

Nakala: Dada Katibu (aiandike vizuri), Shemeji Injinia (asiitengeneze).

Nyongeza: Barua hii niliimaliza jana nikaiweka chini ya mkasi kusubiri bahasha. Leo asubuhi, televisheni ikiwa imezimwa na mimi nimeinamia tundu la kifungo, Mama akaniuliza, "Mbona mama wa maziwa anachechemea?" Nikachungulia dirishani. Kweli alikuwa anachechemea, kiatu kimekatika kamba. Nikamuuliza Mama amejuaje na yeye ameipa nje mgongo. Akanionyesha televisheni kwa kidevu. Kaka, geti lote limo mle, limetulia, halimuumizi macho, ila tu linafungukia upande mwingine, na Mama anasema hilo amelizoea tangu siku ya kwanza. Kumbe kila aliponiambia nizime alikuwa ananiondoa njiani, mimi na taarifa yangu ya habari, alione geti lake. Siku nne nzima nimekuwa nikimwonea huruma mtu anayetazama anachokipenda.

Mchana akaingia getini mwanamume mwenye mabega mapana. Mama akaniomba mtandio wake mzuri, akashika mikono ya kiti, akainuka peke yake, jambo ambalo hajalifanya tangu arudi kutoka hospitali. Alikuwa msoma mita ya maji. Mama akakaa, akaniambia mabega yanafanana na yako.

Kwa hiyo futeni yote, tangu namba moja. Televisheni ibaki, msitume mtu kuichukua. Na ombi la pazia nalifuta kwa namna ya pekee, maana ukisimama dirishani utamzibia. Wewe upite getini tu, mchana kabla ya saa kumi. Upite katikati, kwa sababu pembeni mwa kioo kuna stika ya dukani iliyogoma kubanduka. Na usitembee haraka.